Kinachomfanya Mhadhiri Aurudie Mfumo: Niliyojifunza Katika Kitengo cha Ujifunzaji Mtandaoni

Swali ambalo nimeulizwa mara nyingi zaidi tangu nianze kazi katika kitengo cha ujifunzaji mtandaoni cha chuo kikuu ni kwa nini wahadhiri hawautumii mfumo, yaani tovuti ya chuo ya kuwekea maelezo ya kozi, kupokea kazi na kutolea majaribio. Anayeuliza kwa kawaida ni kiongozi aliyeidhinisha fedha za seva, mafunzo na mishahara ya wataalamu, na swali lake huja likiwa limebeba jibu ndani yake, kwamba wahadhiri ni wazito kubadilika, hasa wale wenye umri mkubwa. Nimekaa dawati la msaada, nimeendesha warsha, nimezunguka ofisi za idara kutatua matatizo ya kozi moja moja, na kila mwaka uliopita umenisogeza mbali zaidi na jibu hilo. Ninachoamini sasa ni kwamba kukubaliwa kwa mfumo hakuanzii katika mtazamo wa mtu. Huanzia katika namna kazi yake ilivyopangwa, na mtazamo hufuata baadaye.

Tafiti nyingi za eneo hili huanza upande wa pili, yaani upande wa mtazamo. Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alieleza kwamba mtu huikubali teknolojia kwa kuzingatia mambo mawili: anavyoona itamfaa katika kazi yake, na anavyoona itakuwa rahisi kuitumia. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh, Davis na wenzao wakaunganisha nadharia kadhaa kuwa kielelezo kimoja chenye nguzo nne: matarajio ya ufanisi (kwamba kazi itakwenda vizuri zaidi), matarajio ya juhudi (jinsi itakavyokuwa rahisi kutumia), ushawishi wa watu wengine, na mazingira wezeshi (vifaa na msaada uliopo). Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika tasnifu juu ya ujifunzaji mtandaoni chuoni kwake hukuta dodoso karibu limekamilika: abadilishe jina la mfumo, awape wahojiwa mizani ya kuanzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa", kisha akokotoe uhusiano. Sidharau kazi hiyo, kwa sababu nguzo hizo nne zipo kweli na nimezikuta zote. Shida ni kwamba dodoso hupima nia, na nia ya mhadhiri kwa kawaida ni njema.

Kitengo chetu nacho kilikuwa na dodoso lake, lililogawiwa mwishoni mwa kila warsha. Majibu yalipendeza: wahadhiri walisema mfumo una manufaa, ni rahisi, na wataanza kuutumia muhula unaofuata. Kisha muhula ulianza, nami nilipochambua kumbukumbu za mfumo, zinazoonyesha nani ameingia na lini, niliona picha nyingine. Wengi walikuwa wameingia siku ya warsha na hawakurudi, wengine walipakia muhtasari wa kozi wakaishia hapo, na wachache, ambao hawakuwa lazima wale waliojaza majibu mazuri zaidi, walikuwa wakiingia karibu kila siku. Nilianza kuwafuatilia hao wachache ili nijue wanarudi kufanya nini, na mengi ninayoyaandika hapa nimeyapata kwao.

Mmoja wao alikuwa mwalimu wa takwimu aliyekaribia kustaafu, mtu ambaye katika warsha alilalamika tangu mwanzo hadi mwisho. Alisema herufi za skrini ni ndogo, menyu hazina mpangilio, na kwamba yeye angemaliza kazi hiyo kwa chaki kwa nusu ya muda. Kwa kipimo cha wepesi wa matumizi angetupa alama ya chini kabisa. Lakini alikuwa anafundisha somo la lazima kwa wanafunzi wa vitivo kadhaa, darasa la mamia ya watu, na kila baada ya majuma machache alikuwa na mrundo wa majaribio ya kusahihisha. Siku alipoona kwamba jaribio la maswali ya kuchagua na ya nambari linaweza kujisahihisha, na kwamba kila mwanafunzi anaweza kupewa tarakimu tofauti katika swali lile lile ili wasinakiliane, aliacha kulalamika kuhusu menyu. Menyu zilikuwa bado zina kasoro alizozitaja, na hazikubadilika. Yeye alikubali kuzivumilia kwa sababu upande wa pili wa mizani kulikuwa na majuma ya kusahihisha aliyokuwa ameokoa. Katika muda usio mrefu akawa na benki ya maswali kubwa kuliko mtu mwingine yeyote katika kitivo chake.

Davis mwenyewe alikuta katika utafiti wake wa awali kwamba manufaa yana uhusiano mkubwa zaidi na matumizi kuliko wepesi, na mwalimu yule aliniwekea matokeo hayo mbele ya macho. Alichonionyesha zaidi ya hapo ni kwamba neno "manufaa" katika dodoso limekaa mbali mno na kazi. Ukimuuliza mhadhiri kama mfumo una manufaa kwa ufundishaji, atakubali, kama ambavyo angekubali kwamba maktaba ina manufaa. Ukimuuliza ni mzigo gani hasa unaomchosha muhula huu, kisha ukaangalia kama mfumo unaweza kuupunguza, utapata jibu litakalokuambia kama atarudi au hatarudi.

Kwa hiyo umri, ambao viongozi wengi huuweka mbele, mimi niliuona ukipungua uzito kadiri nilivyozidi kuwafahamu watu. Kulikuwa na mhadhiri kijana, hodari wa kompyuta kuliko nusu ya wafanyakazi wa kitengo chetu, ambaye hakuwahi kuweka chochote kwenye mfumo zaidi ya slaidi. Alikuwa analipwa kwa saa za darasani. Saa ya kusimama mbele ya wanafunzi ililipwa, ilhali saa ya kuandaa ukurasa wa kozi, kujibu maswali usiku kwenye jukwaa la majadiliano la kozi, au kurekodi maelezo mafupi haikuwa na nafasi katika fomu ya madai. Aliniambia hili bila hasira, kama mtu anayeeleza hesabu, na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Suala hilo la muda ndilo ningependa kulikalia, kwa sababu naliona kuwa kubwa kuliko mengine yote na ndilo linalotajwa kwa haraka zaidi katika ripoti, mara nyingi chini ya kichwa cha jumla kama "ukosefu wa motisha". Mtu asiyewahi kuandaa kozi ya mtandaoni hudhani kwamba ni kazi ya kuhamisha kilichopo: una maelezo, una slaidi, unavipakia. Ukweli ni kwamba mhadhara wa darasani hubebwa na vitu ambavyo havijaandikwa popote. Mhadhiri anaona nyuso zimekunjamana, anarudia. Anaona swali limechipuka kona moja, anabadilisha mfano. Anagundua kwamba dhana ya juma lililopita haikueleweka, anaanza nayo. Mtandaoni, marekebisho hayo yote inabidi yafikiriwe mapema na kuandikwa: maelekezo ya kila zoezi, mifano ya akiba, majibu ya makosa yanayotarajiwa, vigezo vya usahihishaji. Video ya dakika kumi inayoeleweka vizuri inaweza kumla mtu asubuhi nzima kwa kuandika, kurekodi, kukata na kurekodi upya pale sauti ilipoharibika. Kazi hiyo hulipa baadaye, kozi inapofundishwa kwa mara ya pili na ya tatu, lakini gharama yake yote huangukia muhula wa kwanza, na muhula huo huo mhadhiri ana mzigo wake wa kawaida wa vipindi.

Sasa weka jambo hilo karibu na kanuni za chuo. Mzigo wa kazi ulihesabiwa kwa vipindi vya darasani kwa juma. Kupandishwa cheo kulitegemea makala zilizochapishwa, na kidogo sana tathmini ya ufundishaji. Kozi ya mtandaoni iliyoandaliwa vizuri haikuwa na mstari wake katika fomu yoyote kati ya hizo. Mhadhiri aliyetumia miezi ya likizo kujenga kozi bora alirudi akiwa nyuma ya mwenzake aliyetumia miezi hiyo kuandika makala. Tukiwa na kanuni za namna hiyo, kumwita anayechagua makala kuwa mtu anayepinga teknolojia ni kumwonea. Yeye anasoma vizuri kabisa kile ambacho chuo chenyewe kimeandika kuwa ni cha thamani.

Nilikaa katika kamati iliyojadili jambo hili, na mjadala ulivuta muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kila pendekezo lilikuwa na gharama. Kumpunguzia mhadhiri vipindi maana yake ni kumtafuta mwingine wa kuvifundisha. Kuhesabu kozi ya mtandaoni kama chapisho kulizua swali la nani ataitathmini na kwa vigezo gani. Lililopita hatimaye lilikuwa dogo: mhadhiri anayejenga kozi mpya ya mtandaoni apunguziwe somo moja katika muhula wa maandalizi, kwa sharti kwamba kozi ikaguliwe na mwenzake wa fani ile ile pamoja na mtu wa kitengo chetu kabla ya kufunguliwa kwa wanafunzi. Maombi yalianza kuja mara tu tangazo lilipotoka, na baadhi ya walioomba walikuwa wale wale waliokuwa wakiitwa wazito. Mtazamo wao juu ya kompyuta ulikuwa vile vile. Walikuwa wamepata saa za kufanyia kazi.

Kwa upande wa wanafunzi, jambo la kwanza ni kifaa na mtandao, na hapa sitakaa sana kwa sababu hakuna anayelipinga. Nitataja tu kwamba maamuzi yanayowafungia nje wanafunzi wengi hufanywa bila mtu kujua kwamba ni maamuzi. Kipindi cha saa moja kwa video inayopita kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde hula karibu megabaiti 450, wakati sauti peke yake kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula chini ya megabaiti 30 kwa saa hiyo hiyo. Maelezo yaliyochapwa, hata yakiwa ya kurasa nyingi, ni sehemu ndogo ya hapo. Mhadhiri anayepiga picha kurasa za maelezo yake na kuzipakia kama faili moja zito hajui kwamba amemtoza mwanafunzi wa simu gharama ambayo maandishi ya kawaida yasingemtoza. Hajui pia kwamba mwanafunzi asiyeona anaweza asipate chochote humo, kwa kuwa programu inayosoma skrini kwa sauti mara nyingi haisomi vizuri picha ya maandishi iliyopakiwa bila kugeuzwa kuwa maandishi. Tulipoanza kuwaonyesha wahadhiri kozi zao zenyewe kupitia skrini ya simu ya kawaida, wengi walikwenda kurekebisha bila kuambiwa. Kabla ya hapo waliziona kwenye kompyuta ya ofisini tu, iliyounganishwa na mtandao wa waya wa chuo.

Mfano mwingine wa uamuzi wa aina hiyo ni saa ya mwisho ya kukusanya kazi. Mfumo wetu ulikuwa umewekwa ufunge dirisha la kupokea kazi dakika moja kabla ya saa sita ya usiku, na karibu kila mhadhiri aliacha hivyo hivyo. Matokeo yake ni kwamba katika majuma ya mwisho wa muhula, wanafunzi wa kozi nyingi walimiminika kwenye seva kwa pamoja katika saa ile ya mwisho kabla ya dirisha kufungwa, seva ikazidiwa, na hapakuwa na mtu kwenye dawati la msaada wa kuwajibu. Asubuhi tulikuta barua pepe zilizojaa hofu na picha za skrini zenye ujumbe wa makosa. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, usiku mmoja wa namna hiyo humtosha kuamini kwamba mfumo ni mtego. Tulipobadilisha mpangilio ule wa awali ukawa saa nane mchana ya siku ya kazi, malalamiko yalipungua sana, na hatukununua seva mpya. Watu waliokuja baadaye kupima kuridhika kwa wanafunzi waliandika kwamba ubora wa mfumo umeongezeka. Mfumo ulikuwa ule ule.

Majukwaa ya majadiliano yalinifundisha jambo la namna yake. Katika mafunzo tulikuwa tukiyasifia mno, tukisema yatawafanya wanafunzi wajenge maarifa pamoja. Katika kozi nyingi yalibaki kimya, na mhadhiri alihitimisha kwamba wanafunzi wake ni wavivu. Nilipokagua yale yaliyochangamka, nilikuta kwamba mhadhiri mwenyewe alikuwa akionekana humo. Hakujibu kila kitu, ila alipita kila baada ya siku moja au mbili, akataja mchango wa mtu fulani, akauliza swali la kuusogeza mbele. Mwaka 2000 watafiti Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer walieleza kwamba uzoefu wa kujifunza mtandaoni hutegemea aina tatu za uwepo: uwepo wa kijamii (washiriki kujionyesha kama watu halisi), uwepo wa kiakili (kufikiri pamoja juu ya hoja) na uwepo wa ufundishaji (mwalimu kupanga na kuongoza). Katika kumbukumbu zetu, uwepo wa tatu ulipokosekana, ule wa kwanza na wa pili haukudumu zaidi ya juma moja au mawili. Mwanafunzi haandiki kwa muda mrefu mahali ambapo haoni dalili kwamba anasomwa.

Alama nazo zina nguvu yake, na sioni sababu ya kuificha kwa lugha nzuri. Shughuli isiyo na alama huvutia wachache wenye ari. Shughuli yenye alama tano hufanywa na karibu wote. Wapo wenzangu wanaoona aibu kulitegemea jambo hili, wakisema tunawafundisha wanafunzi kufukuza maksi. Mimi naona kwamba alama ni njia ya mwalimu kumwambia mwanafunzi kitu gani kina uzito katika kozi, na kama kazi ya mtandaoni haina hata alama moja, mwanafunzi ameambiwa wazi kwamba haina uzito. Lenye mashaka ni kutoa alama kwa kuhesabu idadi ya michango, kwani hapo huzaa ujumbe wa "naunga mkono hoja ya mwenzangu" uliorudiwa ukurasa mzima. Mhadhiri mmoja wa fasihi aliweka sharti kwamba kila mchango unukuu sehemu ya matini inayojadiliwa na upinge au uongeze jambo moja juu ya mchango uliotangulia. Michango ilipungua kwa idadi, lakini niliisoma yote, jambo ambalo mtu wa dawati la msaada halazimiki kulifanya. Humo ndimo pia nilimoona wanafunzi ambao darasani, kwa maelezo ya mhadhiri wao, hawakuwa wakinyanyua mkono, wakiandika hoja zilizopangwa vizuri kuliko za wasemaji maarufu wa darasa.

Ipo hofu ambayo haikuandikwa kwenye madodoso yetu kwa sababu hatukuwahi kuiulizia, nayo ni hofu ya umiliki. Baada ya warsha, wahadhiri walinivuta pembeni na kuuliza: nikirekodi mihadhara yangu yote, ni nani mwenye nayo? Nikihama chuo, au mkataba wangu ukiisha, mwingine ataitumia kufundishia kozi bila mimi? Hawakuwa wanapinga teknolojia, walikuwa wanauliza swali la kisheria na la ajira ambalo chuo hakikuwa na jibu lililoandikwa. Mtu wa kitengo cha teknolojia hawezi kulijibu, na akijaribu kulituliza kwa maneno matamu anapoteza imani ya muulizaji. Mpaka sera ilipoandikwa, ikieleza kwamba mhadhiri anabaki kuwa mwandishi wa maudhui yake na kwamba rekodi haitatumiwa baada ya kuondoka kwake bila idhini, watu wazima na waangalifu waliendelea kupakia slaidi tu. Slaidi haziwezi kumfundishia mtu kozi.

Mwaka 2020 ulikuja na jaribio ambalo hakuna kamati ingethubutu kulipitisha. Kwa takwimu za UNESCO, katika kilele cha kufungwa kwa shule na vyuo kwa sababu ya UVIKO-19, wanafunzi karibu bilioni 1.6 duniani, katika nchi zaidi ya 190, waliathirika. Chuoni kwetu, kama kwingineko, kila mtu alihamia mtandaoni ndani ya majuma machache, na chati za matumizi tulizokuwa tukizisukuma kwa miaka zilipaa bila sisi kusukuma. Baadhi ya viongozi waliona kwamba suala la kukubalika limekwisha. Mimi sikuona hivyo, na nilifurahi kuona watafiti wa elimu wakisisitiza mwaka ule ule kwamba ufundishaji wa dharura kwa mbali na kozi ya mtandaoni iliyopangwa ni vitu viwili tofauti. Kile tulichokuwa tukikifanya kilikuwa ni mhadhara wa darasani uliopitishwa kwenye kamera, saa mbili kwa mfululizo, mbele ya miraba myeusi yenye majina ya wanafunzi waliozima kamera.

Lililonivutia zaidi ni kilichobaki baada ya milango kufunguliwa. Vipindi vya moja kwa moja vya video vilitoweka karibu vyote, isipokuwa katika programu za uzamili za watu walioajiriwa, ambao kwao safari ya kufika darasani jioni ndiyo ilikuwa mzigo mkubwa. Ukusanyaji wa kazi mtandaoni ulibaki karibu kila mahali, kwa sababu hakuna mhadhiri aliyetaka kurudia kubeba marundo ya karatasi, na hakuna mwanafunzi aliyetaka tena kusikia kwamba kazi yake imepotea. Majaribio yanayojisahihisha yalibaki katika masomo yenye madarasa makubwa. Rekodi fupi za kueleza dhana ngumu zilibaki kwa wahadhiri wa hisabati na uhasibu, walioona wanafunzi wakizirudia usiku wa kuamkia mtihani. Mitihani ya mwisho ilirudi kwenye karatasi na chumba chenye msimamizi, kwa kuwa mashaka ya udanganyifu hayakupata tiba, na ujio wa programu za akili unde zinazoandika insha umeyaongeza. Ukiyatazama yote yaliyobaki, utaona kwamba kila moja lilibaki kwa sababu kuna mtu lilimpunguzia kazi au safari. Sijaona hata moja lililobaki kwa sababu ya agizo.

Agizo lenyewe lilikuwapo. Ilitolewa amri kwamba kila kozi iwe na ukurasa kwenye mfumo, na idara ziliripoti utekelezaji kamili. Nilifungua kurasa hizo: nyingi zilikuwa na faili moja la muhtasari wa kozi, baadhi likiwa la miaka iliyopita. Venkatesh na wenzake walikuwa wamebaini kwamba ushawishi wa watu wengine huwa na nguvu pale matumizi yanapokuwa ya lazima na mtu akiwa bado mgeni wa mfumo, kisha hufifia anapopata uzoefu. Nilichokiona kinalingana na hilo, pamoja na nyongeza moja: lazima huleta kiasi kile kile kinachokaguliwa na hakiongezeki. Chuo kilipokagua kama ukurasa upo, kilipata kurasa.

Ushawishi uliofanya kazi ulikuwa wa jirani zaidi. Everett Rogers, aliyeandika juu ya kuenea kwa uvumbuzi tangu mwaka 1962, alitaja miongoni mwa sifa za uvumbuzi unaoenea haraka kwamba uweze kujaribiwa kidogo kidogo na matokeo yake yaonekane kwa wengine. Warsha ya siku nzima katika maabara ya kompyuta haikuwa na sifa hizo: mtu alifundishwa vipengele vyote mara moja, kwa kozi ya mfano isiyo yake, kati ya watu wa fani nyingine. Tuliziacha polepole, tukaanza kwenda ofisini kwa mhadhiri na kufanya jambo moja kwenye kozi yake halisi, lile alilolitaja mwenyewe kuwa linamsumbua. Na kila idara iliyokubali ilimteua mtu wake mmoja, asiye wa kitengo chetu, wa kuulizwa mambo madogo. Mwalimu wa takwimu niliyemtaja alikuwa mmoja wao hadi alipostaafu. Wenzake walimwamini kuliko walivyotuamini sisi, kwa sababu walijua kwamba asingewaficha kasoro za mfumo. Alizitaja zote, tena kwa kirefu, kabla ya kuwaonyesha anavyozikwepa.

Dodoso la mwisho wa warsha tumelifuta. Tunachotazama sasa ni kama mhadhiri aliyesaidiwa amerudi mwenyewe katika juma la tatu au la nne, bila kukumbushwa, na amerudi kufanya nini. Kipimo hicho hakina uzuri wa jedwali la takwimu, lakini kinatuambia mapema nani wa kumtembelea tena. Kimetuonyesha pia mahali ambapo msaada wetu unaishia. Wahadhiri wanaolipwa kwa saa, ambao hubeba sehemu kubwa ya masomo ya mwaka wa kwanza, bado hawarudi, na fomu yao ya madai bado haina mstari wa kazi ya mtandaoni. Pendekezo la kuuongeza limefikishwa kwenye ngazi za juu zaidi ya mara moja, likarudishwa kila mara kwa sababu za bajeti, nasi tunaliandaa upya kwa mwaka wa fedha unaokuja tukiwa na hesabu ya saa ambazo wahadhiri hao wenyewe wameanza kuziandika.